Asilimia 80 kwenye karatasi, kazi hakuna: je, mume wangu anaweza kuhesabiwa mlemavu kamili?

Swali: Mume wangu alizaliwa Nakuru, akajiunga na Jeshi la Marekani mwaka 2010, akatumwa Afghanistan, na akaondoka jeshini mwaka 2016. Idara ya Maveterani, yaani VA, imempa asilimia 70 kwa kiwewe cha vita, 20 kwa mgongo na 10 kwa mlio wa masikioni, lakini inamlipa kwa kiwango cha 80. Tangu atoke jeshini ameajiriwa mara sita, na mara zote sita ameachishwa au ameacha mwenyewe. Kazi ya mwisho, katika bohari, ilikoma miezi minane iliyopita. Ana pia kisukari kilichoanza baada ya jeshi. Rafiki yake analipwa mia kwa mia. Je, 70, 20 na 10 si mia? Na kama si mia, ipo njia nyingine? Tunafikiria pia kurudi Kenya. (Mke wa veterani, Texas)

Jibu: Dada yangu, mume wako anaweza kulipwa sawa na yule rafiki yake hata kama asilimia zake hazitafika mia kamwe, na kwa maelezo uliyotoa anayo sababu nzuri ya kudai hivyo sasa, wala si mwakani. Naona hesabu imewachukulia muda mwingi nyumbani, kwa hiyo nitaanza nayo ili tuiweke kando, kisha tuje kwenye suala lenyewe, ambalo ni kazi.

VA haijumlishi asilimia kama tunavyojumlisha fedha. Huanza na mtu mzima mwenye uwezo wa mia, halafu kila ulemavu hula sehemu ya uwezo uliobaki, kuanzia ulemavu mkubwa hadi mdogo. Asilimia 70 zikiondoka hubaki 30. Mgongo hauli 20 ya mia bali 20 ya hizo 30, ambayo ni 6, na sasa amefika 76. Mlio wa masikioni unakula sehemu ya kumi ya zile 24 zilizobaki, na jumla inakuwa 78, ambayo hukaribishwa kwenye kumi iliyo karibu na kuwa 80. Kwa hiyo VA haikukosea. Jambo la kusikitisha ni kwamba kadiri mtu anavyopanda ndivyo ngazi zinavyozidi kuachana: hata kama mume wako angepewa leo ulemavu mwingine wa asilimia 50, angefika 89, na kulipwa kwa 90. Ili alipwe mia kwa njia ya hesabu ni lazima jumla ifike angalau 95. Nimeona familia zikikaa miaka zikitafuta ugonjwa mwingine mdogo wa kuongeza, huku mlango uliokuwa wazi mbele yao haujaguswa.

Mlango huo ni fidia ya kutoweza kuajiriwa, ambayo maveterani wenyewe huiita TDIU. Kanuni yake iko katika kifungu cha 4.16 cha kanuni za shirikisho za maveterani, na inasema kwamba veterani ambaye ulemavu wake uliotokana na utumishi unamzuia kupata au kudumu katika kazi yenye kipato cha maana atalipwa kama mlemavu kamili, ingawa asilimia zake ni pungufu ya mia. Ili dai lishughulikiwe kwa njia ya kawaida, anatakiwa awe na ulemavu mmoja wa asilimia 60 au zaidi, ama kadhaa ambazo mmojawapo umefika 40 na jumla yake ni 70. Mume wako ana ulemavu mmoja wa 70, kwa hiyo amevuka kizingiti hicho. Wale wasiokivuka bado wanaweza kuomba suala lao lipelekwe kwa mkurugenzi wa huduma za fidia, lakini hiyo ni njia ndefu ambayo ninyi hamuihitaji. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 1, 2024, veterani wa asilimia 80 asiye na tegemezi alilipwa dola 2,044.89 kwa mwezi, na wa ulemavu kamili dola 3,831.30. Mke na watoto huongeza kitu juu ya viwango vyote viwili, na fedha hizo hazitozwi kodi ya mapato.

Naomba usome tena maneno yale, "kupata au kudumu". Wengi hudhani kwamba kwa kuwa mtu aliajiriwa mara sita, basi anaajirika. Kwa macho yangu ajira sita zilizovunjika ndani ya miaka michache ndizo ushahidi wenye nguvu kuliko wote mlio nao, kwa sababu zinaonyesha mtu anayeweza kupita usaili na kupewa kazi, lakini akishindwa kuishikilia pale msimamizi anapopandisha sauti, au forklifti inapoangusha mzigo nyuma yake, au usiku tatu mfululizo bila usingizi zinapomfanya achelewe zamu. Kudumu ndilo neno linalomhusu mume wako, na dai lake linapaswa kujengwa juu ya neno hilo.

Hapa pia ndipo palipo tofauti kati yake na rafiki yake, ikiwa naye ana kiwewe. Jedwali la magonjwa ya akili la VA linatoa mia kwa mtu ambaye uwezo wake wa kazi na wa kuishi na watu umeharibika kabisa, vyote viwili. Asilimia 70 hutolewa kwa mtu mwenye upungufu katika maeneo mengi ya maisha. Mume anayeendelea kuishi na mke wake, kuwapeleka watoto shule na kwenda kanisani mara mojamoja ni vigumu kupewa mia kwa jedwali hilo, hata kama hajaweza kufanya kazi mwaka mzima. TDIU haimwadhibu kwa kuwa bado ana familia. Inauliza juu ya kazi tu.

Kuhusu kazi, tazamieni hoja moja ambayo huua madai mengi: mchunguzi ataandika kwamba veterani hawezi tena kubeba mizigo, lakini anaweza kufanya kazi ya kukaa. Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Maveterani, katika kesi ya Ray dhidi ya Wilkie ya mwaka 2019, ilieleza kwamba VA inapaswa kutazama elimu, mafunzo na historia ya kazi ya mtu huyu, pamoja na uwezo wake wa mwili na wa akili, kama vile kukaa, kusimama, kuinua, kukumbuka, kufuata maagizo, kuelewana na wenzake na kustahimili shinikizo. Kwa hiyo jibuni hoja ya kiti kabla haijatolewa. Anaweza kukaa dakika ngapi kabla mgongo haujamlazimisha kusimama? Alipopewa kazi ya kompyuta, kama aliwahi kupewa, ilikuwaje? Je, mtu anayepotewa na mtiririko wa mawazo kila mlango unapogongwa anaweza kujibu simu za wateja saa nane kwa siku? Kama katika kazi zake sita mojawapo ilikuwa ya ofisini na nayo ilivunjika, ielezeni kwa kirefu kuliko zote.

Dai lenyewe huombwa kwa fomu 21-8940. Inauliza tarehe ya mwisho aliyofanya kazi kwa muda wote, tarehe aliyokuwa mlemavu kiasi cha kutoweza kazi, waajiri wa miaka mitano ya mwisho aliyofanya kazi, saa kwa wiki, kipato cha juu kwa mwezi na siku alizopoteza kwa ugonjwa. VA kisha hutuma fomu 21-4192 kwa waajiri wa karibuni. Waajiri wengi hawaijibu, na wengine huandika tu kwamba mtu "aliacha kwa hiari". Ndiyo maana nawashauri mkusanye wenyewe barua za onyo, ujumbe wa simu kutoka kwa wasimamizi, fomu za W-2, ambazo mwajiri hutoa kila mwaka kuonyesha mshahara, na rekodi ya kipato ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya Marekani, ambayo huonyesha mwaka kwa mwaka jinsi mapato yalivyokuwa yakipanda kidogo na kuporomoka. Mfanyakazi mwenzake aliyeshuhudia ugomvi wa bohari anaweza kuandika ushahidi kwenye fomu 21-10210.

Na wewe uandike. Barua ya mke mara nyingi ndiyo karatasi pekee katika faili lote iliyoandikwa na mtu anayeishi naye. Usiandike kwamba mume wako ni mgonjwa sana na mnateseka, ingawa ni kweli, kwa sababu mwamuzi amesoma sentensi hiyo mara elfu na hana la kuifanyia. Andika kwamba tangu mwezi fulani analala sebuleni kwenye kiti akiwa ameelekea mlangoni. Kwamba asubuhi ya zamu ulimsindikiza hadi kwenye gari mara ngapi kwa mwezi naye akarudi ndani bila kuwasha injini. Kwamba ni wewe unayepiga simu kumwombea ruhusa, ni wewe unayemkumbusha dawa, na kwamba katika kazi ya tatu msimamizi alikupigia wewe uje umchukue. Taja tarehe pale unapozikumbuka, na pale usipozikumbuka sema ni msimu gani. Andika Kiingereza chepesi cha kwako, usitafute maneno ya daktari.

Kisukari kinahitaji uangalifu. Kwa kuwa hakijahusishwa na utumishi, VA hairuhusiwi kukihesabu upande wa dai lake, kama isivyohesabu umri. Daktari akiandika kwamba mgonjwa "hawezi kazi kwa sababu ya kiwewe, mgongo na kisukari", ameharibu barua nzuri, maana mwamuzi hajui ni kipi kilichomtoa kazini. Mwombeni daktari aseme wazi kama kiwewe na mgongo peke yake, kisukari kikiwa hakipo, vingetosha kumzuia kufanya kazi, na aeleze kwa nini. Kama haamini hivyo, msimlazimishe kuandika. Sheria tayari inampa veterani upendeleo: ushahidi wa pande mbili ukikaribiana uzito, mashaka huamuliwa kwa faida yake.

Baada ya dai kuwasilishwa, huenda akaitwa kwenye uchunguzi, mara nyingi kwa mkandarasi wa nje. Asikose. Katika dai la kuongezewa kiwango, kukosa uchunguzi bila sababu nzuri huleta kukataliwa. Lakini kufika hakutoshi. Vijana wengi wa kwetu waliingia jeshini kupitia mpango wa MAVNI, ambao tangu 2009 uliwapokea wahamiaji waliojua lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo, na adabu ya lugha hiyohiyo huwaponza mbele ya mchunguzi. Sisi tumelelewa kujibu "sijambo" hata tukiwa na homa, kwanza sijambo, ndipo maradhi yaelezwe, na mwanamume wa makamo huona aibu kufika hata hapo. Mchunguzi Mmarekani akiuliza hali, mume wako akajibu kwamba anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu, maneno hayo yataandikwa kama taarifa ya afya, na nimeyaona yakinukuliwa katika barua za kukataa. Mazungumzo haya myafanye nyumbani kabla ya siku ile. Asiongeze kitu wala kujifanya, bali aeleze siku zake mbaya kwa ukweli uleule anaoeleza siku nzuri, na aseme ni ngapi kwa wiki. Ni vigumu kwake kuliko unavyofikiri, kwa hiyo usimwambie usiku wa kuamkia uchunguzi.

Sasa niseme kuhusu miezi minane, kwa sababu hapo ndipo palipo na haraka. Kwa dai la kuongezewa kiwango, malipo yanaweza kurudi nyuma hadi siku ambayo ushahidi unaonyesha hali ilizidi kuwa mbaya, mradi dai lifike ndani ya mwaka mmoja tangu siku hiyo. Mkichelewa zaidi ya mwaka, kwa kawaida mtalipwa kuanzia siku dai lilipofika tu. Msingoje barua zote zikamilike. Wiki hii apeleke taarifa ya nia ya kudai, kwa simu, mtandaoni au kwa fomu 21-0966. Taarifa hiyo humhifadhia tarehe kwa mwaka mmoja wakati mnakusanya ushahidi.

Hujauliza, lakini wengi huuliza, kama anaweza kufanya kibarua chochote akiwa na TDIU. Anaweza kufanya kazi ya pembezoni, ambayo kwa kawaida ni ile ambayo kipato chake cha mwaka hakizidi kiwango cha umaskini cha mtu mmoja kinachotangazwa na ofisi ya sensa. Kipato kikizidi hapo bado inaweza kuhesabiwa ya pembezoni kama ni kazi ya kuhurumiwa, kwa mfano duka la ndugu ambako huja anapoweza na hakuna anayemfukuza. Akipata nguvu na kujaribu kazi ya kweli, kiwango chake hakipunguzwi kwa sababu hiyo pekee mpaka awe amedumu nayo miezi 12 mfululizo. Naona kanuni hiyo ni ya haki, na nawahimiza wanaopona wasiogope kujaribu. Wasichopaswa kufanya ni kuficha kipato, kwa sababu VA hulinganisha rekodi zake na za Social Security. Mwenye mia ya jedwali, kama huenda alivyo yule rafiki, hana mipaka hiyo na anaweza kuajiriwa popote.

Ipo pia tofauti kati ya ulemavu kamili na ulemavu kamili wa kudumu, na barua ya uamuzi inapaswa kusomwa kwa makini kwa ajili hiyo. TDIU si ya kudumu moja kwa moja. Tafuteni sentensi inayosema kwamba familia imestahili msaada wa elimu wa wategemezi, unaojulikana kama Chapter 35. Sentensi hiyo ndiyo ishara ya kudumu. Ikiwapo, watoto na mke wanaweza kupata msaada wa masomo, na familia isiyo na TRICARE, yaani bima ya afya ya jeshi, hupata bima ya afya ya CHAMPVA. Hapo Texas, veterani anayelipwa mia kwa jedwali au kwa kutoweza kuajiriwa husamehewa kodi yote ya nyumba anayoishi. Na kwa kuwa ni lazima niseme hata lile lisilopendeza: kama veterani atafariki akiwa amekuwa mlemavu kamili kwa miaka 10 mfululizo, mjane wake anaweza kustahili malipo ya kila mwezi hata kama kifo hakikutokana na utumishi.

Fidia haikatwi kwa kuishi Kenya. Mtatakiwa kuwa na anwani inayofika na kujibu kila barua, na matibabu ya magonjwa yaliyohusishwa na utumishi, yaani kiwewe, mgongo na masikio lakini si kisukari, yanaweza kulipiwa kupitia mpango wa matibabu wa nje ya nchi. Ushauri wangu ni kwamba safari ingoje uamuzi, kwa sababu kupangiwa uchunguzi mkiwa Texas ni rahisi kuliko mkiwa Nakuru.

Kuhusu msaada, asilipe mtu yeyote kuandaa dai hili la kwanza. Mashirika kama DAV, VFW na American Legion yana wawakilishi walioidhinishwa na VA wanaofanya kazi hiyo bure, na kaunti nyingi za Texas zina afisa wao wa maveterani. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kutoza ada baada tu ya VA kutoa uamuzi wa kwanza, na asilimia 20 ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ada ya haki. Kuna watu wasio na kibali wanaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp wakiahidi mia, kwa malipo ya mara tano au sita ya nyongeza ya mwezi. Kwenu ninyi, mara tano ya nyongeza hiyo kwa viwango nilivyotaja ni karibu dola 8,900, na ni fedha za mtu ambaye hana kazi. Wakatalieni.

Mwakilishi mtakayempata mwulizeni swali moja kabla ya kuwasilisha: kiwango cha 70 kina umri gani? Dai jipya hufungua faili, na VA inaweza kutazama upya viwango vya zamani. Kiwango kilichodumu miaka mitano au zaidi hakipunguzwi kirahisi, maana lazima ionekane nafuu ya kweli inayoendelea, na punguzo lolote la malipo hutanguliwa na taarifa yenye siku 60 za kuleta ushahidi. Kwa hali uliyonieleza sioni hatari kubwa, lakini mume wako anastahili kuijua kabla ya kutia sahihi.

Na kama watakataa, barua itakuja na njia tatu na mwaka mmoja wa kuchagua: dai la nyongeza lenye ushahidi mpya, kwa fomu 20-0995, mapitio ya afisa wa juu bila ushahidi mpya, kwa fomu 20-0996, au rufaa kwa Bodi ya Rufaa za Maveterani, kwa fomu 10182. Katika madai ya kazi mimi huelekea njia ya kwanza mara nyingi, kwa sababu kinachokosekana kwa kawaida ni karatasi fulani iliyobaki kwenye droo: barua ya onyo, orodha ya zamu alizokosa, ujumbe wa msimamizi. Katika faili la mume wako, anzeni kwa kutafuta karatasi za bohari ya mwisho, na mhakikishe tarehe atakayoandika kwenye fomu 21-8940 kuwa siku yake ya mwisho kazini inalingana na ile iliyo kwenye hati yake ya mwisho ya mshahara.